Notsi mbele ya video: njia ipi umfundishe mwanafunzi, na lini

Siku ya kwanza kuonyesha video darasani niliamini kazi imejifanya yenyewe. Kilikuwa kidato cha pili, wanafunzi 64, mada ni mzunguko wa damu, na projekta nimeiazima kwa mwalimu mwenzangu wa shule jirani. Video ya dakika tisa, imechorwa vizuri kweli: moyo umepasuliwa katikati, damu nyekundu upande mmoja na ya bluu upande wa pili, mishale inatembea. Niliwapa agizo moja tu: "Andikeni notsi." Wakaandika. Vichwa vyote viliinama juu ya madaftari, na moyo ukadunda ukutani bila mtu wa kuutazama.

Kesho yake niliuliza kwa nini vena ya mapafu hubeba damu yenye oksijeni wakati vena nyingine hazibebi. Hakuna mkono ulionyooshwa. Nikapita kukagua madaftari. Moja ninalikumbuka hadi leo: sentensi nne za Kiingereza zimenakiliwa neno kwa neno kutoka kwa msimulizi, ya tano imekatikia katikati, kisha mistari mitupu, kisha neno moja la Kiswahili, "damu". Yule mtoto hakuwa mvivu. Alikimbizana na sauti mpaka ikamwacha. Kosa lilikuwa langu, maana nilimwagiza afanye kitu ambacho hakuna aliyewahi kumfundisha.

Tangu hapo nimejaribu njia kadhaa, nyingine nikaziacha, nyingine nikazishika. Hapa naziweka ubavu kwa ubavu kwa ajili ya mwalimu mwenzangu, au mzazi, anayetaka kuchagua.

Kwa nini video ni ngumu kuliko ubao

Mwalimu anayefundisha ubaoni huandika huku akisema, na ule mkono wa chaki ndio breki ya darasa. Akiona nyuso zimekunjamana, anarudia. Video haina breki hiyo. Msimulizi huenda maneno kama 150 kwa dakika, na mkono wa mwanafunzi, akijitahidi sana, hufika 25 au 30. Tena macho yanatakiwa mahali pawili kwa wakati mmoja: ukutani na daftarini.

Mwanafunzi aliyebanwa hivyo huacha kufikiri, akabaki kunakili. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Marekani, Pam Mueller na Daniel Oppenheimer, waliwaonyesha wanafunzi wa chuo mihadhara ya video, wengine wakiandika kwa mkono na wengine kwa kompyuta. Wa kompyuta waliandika maneno mengi zaidi, mengi yakiwa yaleyale ya msemaji, na maswali ya kuelewa yakawashinda zaidi. Waliorudia jaribio hilo miaka ya baadaye waliukuta tena unakili uleule, ingawa tofauti ya alama haikujitokeza kama mwanzo. Kwa hiyo sitamwambia mtu kwamba kalamu ina uchawi. Ninachokichukua hapo ni kwamba mtu anayeweza kunakili kila kitu atanakili, na wa kwetu asiyeweza hujaribu hivyohivyo.

Kuandika video ikienda, au kutazama kwanza?

Njia niliyoanza nayo ina faida moja: haili muda. Inamfaa mwanafunzi wa kidato cha tano au cha sita, au wa chuo, ambaye mada anaijua nusu na ana vifupisho vyake. Vifupisho hivyo vinafundishika. Mshale badala ya "husababisha", mshale wa kupanda badala ya "huongezeka", herufi ya kwanza ya neno linalojirudia. Kipindi kimoja cha kuvifanyia mazoezi kinatosha kuanzia. Lakini kwa kidato cha kwanza na cha pili njia hii siipendekezi hata kidogo, na nasema hivyo baada ya kuyaona yale madaftari.

Kinyume chake ni kuweka kalamu chini, kutazama mpaka mwisho, kisha kuandika unachokumbuka. Darasa linaona kweli. Watoto wanacheka, wanashangaa, wananong'onezana "umeona hapo?" Na kule kujikamua kukumbuka bila kuchungulia kuna faida yake. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliosoma kifungu kisha wakajaribu kukikumbuka walikuwa bado wanacho zaidi baada ya wiki moja kuliko waliokisoma tena na tena. Baada ya dakika tano tu, hata hivyo, waliosoma tena ndio waliokuwa mbele, na ndiyo maana njia hii humvunja moyo mwanafunzi papo hapo: anahisi hajui kitu. Mwambie mapema kwamba ugumu huo ndio kazi yenyewe.

Udhaifu wake ni urefu. Video ikipita dakika nne au tano, ya mwanzo yameshasukumwa nje na ya mwisho. Kwa hiyo mimi huiweka kwa vipande vifupi tu: mbegu inavyoota, volkano inavyolipuka.

Katikati ya hizo mbili kuna njia ninayoitumia karibu kila wiki, ya kukata video vipande. Video ikitembea, kalamu chini. Video ikisimama, kalamu juu. Hakuna la ziada. Ushahidi wake ni wa zamani kidogo: mwaka 2001 Richard Mayer na Paul Chandler walichukua katuni fupi inayoeleza radi inavyotokea, isiyofika hata dakika tatu, wakaikata vipande 16 vyenye kitufe cha kuendelea. Waliojiendea hatua kwa hatua waliitumia elimu ile kujibu maswali mapya vizuri kuliko walioitazama mfululizo. Maneno yalikuwa yaleyale na picha zilezile. Kilichoongezeka ni pumzi.

Hesabu ya muda ni hii. Video ya dakika nane, nasimama mara nne, dakika tatu kila kituo: jumla dakika 20. Kipindi ni dakika 40, na kuunganisha projekta na spika hula kumi bila huruma. Zinabaki kumi za maswali. Ukiwa na video ya dakika 15, chagua kipande, usiikimbize yote. Uchambuzi wa Philip Guo na wenzake wa mwaka 2014, uliopitia mamilioni ya utazamaji wa masomo ya edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, ulikuta kwamba video zisizozidi dakika sita ndizo zilizowashika watu. Na hao ni watu wazima waliojiandikisha wenyewe.

Pa kusimama hapachaguliwi kwa saa, huchaguliwa kwa wazo. Katika video yangu ya damu nasimama damu inapofika upande wa kulia wa moyo, inapotoka kwenye mapafu, inapoingia upande wa kushoto, na inapolizunguka lile duara la mwili. Naandika dakika na sekunde kwenye kikaratasi siku moja kabla. Na kuna jambo dogo nililojifunza kwa kukosea: ukisimamisha picha na kuiacha ukutani, wataichora kama ilivyo, na maneno yake yote. Siku hizi video ikisimama naweka jalada la kauntabuku mbele ya lenzi. Ukuta unakuwa mweusi, wanaandika, kisha naondoa jalada wajisahihishe.

Karatasi ya mapengo na ukurasa wa safu mbili

Hapo tumeamua lini waandike. Swali la pili ni waandike kwenye nini.

Karatasi ya mapengo ni mifupa ya somo uliyoiandaa mwenyewe: vichwa vipo, sentensi zipo, sehemu fulani ziko wazi. Kwa mwanafunzi aliyetoka tu darasa la saba, huu ni mkongojo wa halali kabisa. Anajua nini kinakuja na nini ni muhimu. Gharama yake ni kazi ya mwalimu, na nakala 64 si jambo la mchezo, kwa hiyo mimi huandika mifupa ubaoni au kwenye manila wakaihamisha daftarini kabla video haijaanza. Kule kuihamisha kwenyewe kunawaandaa.

Hatari yake niliiona wazi. Mtoto hukaa kama mvuvi anayevizia samaki mmoja. Pengo likisema "Damu huenda kwenye ______", atasubiri neno "mapafu", atalinasa, na maelezo yote yaliyolizunguka yatampita. Pengo hilo libadilishe: "Damu hupita mapafuni kabla ya kwenda mwilini kwa sababu ______". Hapo hakuna neno moja la kunasa, lazima asikilize sababu.

Ukurasa wa safu mbili hudai zaidi na hulipa zaidi. Asili yake ni Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, aliyeubuni miaka ya 1950. Ukurasa hugawanywa kwa mstari wa kushuka: safu nyembamba ya kushoto kwa maswali na maneno makuu, safu pana ya kulia kwa maelezo, na chini kabisa nafasi ya muhtasari. Kipimo cha Pauk kwa safu ya kushoto ni inchi mbili na nusu, yaani kama sentimita sita na kitu. Kwenye kauntabuku hiyo inakaa sawa. Kwenye daftari dogo ukipima hivyo unabaki na kijia cha kuandikia, basi wapimishe vidole vitatu kutoka pembeni.

Wengi huufundisha ukurasa huu nusu, na hapo ndipo unaposhindwa. Watoto huchora mstari, wanajaza kulia, kushoto kunabaki kweupe mpaka mtihani. Safu ya kushoto inajazwa baada ya video, siku hiyohiyo, na inajazwa kwa maswali ambayo safu ya kulia ndiyo jibu lake. Halafu mwanafunzi hufunika safu ya kulia kwa kiganja au rula, anasoma swali lake mwenyewe, anajibu kwa sauti, anafunua. Bila kufunika na kujibu, safu mbili ni urembo wa daftari tu.

Ukiniuliza kati ya hizi mbili uchague ipi, jibu langu ni kwamba moja ni njia ya kuifikia nyingine. Anza na mapengo kwa wiki tatu au nne. Kisha acha vichwa tu, sentensi ziondoe. Kisha mpe ukurasa mtupu wenye mstari. Mwalimu anayebaki na mapengo mpaka kidato cha nne anamlea mtoto asiyejua kutembea.

Lugha ya notsi

Hili huwa halizungumzwi vya kutosha, na kwetu Tanzania ndilo linalouma. Mtoto amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kidato cha kwanza anakutana na Kiingereza kwenye karibu kila somo, na video nzuri tunazozipata mtandaoni nyingi ni za Kiingereza, tena cha lafudhi ngeni. Tunamwomba asikilize, aelewe, afasiri, afupishe na aandike, yote kwa pamoja.

Walimu wamegawanyika. Kuna wanaosema notsi zote ziwe za Kiingereza kwa kuwa mtihani ni wa Kiingereza. Wengine huachia tu kila mtu aandike anavyojua. Wa kwanza nawaelewa, lakini sheria yao ndiyo inayozaa zile sentensi zilizokatikia katikati, kwa sababu asiye na maneno yake hana budi kuazima ya msimulizi. Wa pili huwapa watoto nafuu leo na taabu Novemba.

Mimi huzipa zile safu mbili kazi ya lugha. Wakati wa kusimama, safu ya kulia iandikwe kwa lugha yoyote inayoleta maana haraka, Kiswahili kitupu au mchanganyiko. Safu ya kushoto ibebe istilahi za Kiingereza, zikiwa na tahajia sahihi, ambazo naziandika ubaoni kabla ya kuanza. Muhtasari wa chini, sentensi mbili au tatu, uandikwe kwa Kiingereza, nyumbani, bila haraka. Hivyo kuelewa kunatangulia na kufasiri kunafuata, kila kimoja kwa wakati wake. Mkaguzi mmoja alishawahi kuniuliza kwa nini madaftari yangu yana Kiswahili katika Baiolojia. Nilimwomba amchague mwanafunzi yeyote amuulize swali kwa Kiingereza.

Kwa Kenya, ambako Kiingereza kinaingia mapema zaidi shuleni, tatizo hili huenda likawa jepesi kidogo, lakini Kiingereza cha kusikiliza na Kiingereza cha kusoma ni vitu viwili hata huko.

Maneno au mchoro

Siku moja mvua ilinyesha katikati ya video. Paa letu ni la bati bila dari, kwa hiyo spika ilimezwa kabisa. Nikakaribia kuzima. Nikaamua kuwaambia wachore wanachokiona, na chini ya kila mchoro waandike wanadhani nini kinatokea. Mvua ilipopungua nikaicheza upya na sauti. Sijawahi kuliona darasa likisikiliza vile. Kila mtu alikuwa na dhana yake anayotaka kuithibitisha.

Tangu siku hiyo, kwa video za mambo yanayotembea au kubadilika, raundi ya kwanza huwa kimya kwa makusudi. Kwa mzunguko wa damu, usanisinuru, mzunguko wa maji au kupatwa kwa jua, mchoro wa mishale unashinda aya yoyote. Binti mmoja alichora namba nane iliyolala, moyo katikati, mapafu upande mmoja na mwili upande wa pili. Pembeni ya mshale unaotoka mapafuni kuingia moyoni aliandika: "inarudi moyoni ndo maana ni vena, imetoka mapafuni ndo maana ina oksijeni." Ni lile swali langu la siku ya kwanza, limejibiwa kwenye mstari mmoja wenye tahajia ya mtaani.

Mchoro haufai kila mahali. Video ya Historia kuhusu Vita vya Majimaji haina mishale ya kuchora, ina sababu na matokeo, na hapo safu mbili ndizo zake. Video ya Hisabati ni kitu kingine kabisa: usiandike notsi, simamisha kabla mtu hajatoa jibu, kila mwanafunzi alitafute kwenye daftari lake, kisha iendelee. Kunakili hesabu iliyokwisha kufanywa humpa mtoto imani kwamba anaweza, imani itakayomtoka kwenye chumba cha mtihani.

Akiwa peke yake na simu

Machi 2020 shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, watoto wengi walijikuta wakisoma kwenye simu ya mama au ya kaka. Tabia hiyo haikuisha shule zilipofunguliwa. Na hapo mambo yanageuka, kwa sababu kitufe sasa kiko mkononi mwa mwanafunzi. Kinachokosekana darasani, anacho: anaweza kusimamisha, kurudi nyuma sekunde kumi, kupunguza kasi hadi robo tatu, kuwasha maandishi ya chini.

Hatari ni kwamba hasimamishi. Anatazama kama anavyotazama tamthilia, au anasimamisha kila sentensi na kugeuka mashine ya kunakili. Kwa hiyo namfundisha kanuni ya mara mbili: mara ya kwanza mfululizo bila kalamu, mara ya pili asimame pale tu anapoweza kusema kwa maneno yake alichosikia, na aseme kwanza ndipo aandike. Bando likiwa tatizo, apakue video mara moja kwenye Wi-Fi au kwa bando la usiku, aicheze hata mara tano bila gharama. Mzazi asiyejua Baiolojia anaweza kusaidia vizuri sana kwa kukaa karibu na kuuliza, "Hebu nieleze, imesema nini?"

Basi, uchague ipi

Kama una darasa kubwa la kidato cha kwanza na projekta moja: vipande, pamoja na mapengo yanayouliza sababu. Kidato cha pili na cha tatu: vipande, pamoja na safu mbili, na mchoro kwa kila kinachotembea. Kidato cha nne kuelekea mtihani: video fupi, kutazama bila kalamu, kisha kukumbuka, kwa kuwa wanahitaji kuchota kilichomo kichwani kuliko kuongeza kurasa. Kidato cha tano na sita wanaweza kuanza kuandika video ikienda, kwa vifupisho vyao. Ukiwa huna umeme wa uhakika, pakua video, chaji kompyuta, na uwe na mifupa ya somo kwenye manila ili umeme ukikatika kituo cha tatu, cha nne ukimalizie kwa chaki.

Wiki ya kwanza usibadilishe kila kitu. Chukua video moja unayoijua, iangalie wewe mwenyewe ukiwa na daftari, uandike kama mwanafunzi. Pale mkono wako unapoachwa nyuma ndipo pa kusimama. Mwisho wa kipindi usikusanye madaftari yote 64. Chukua matano, ya nyuma na ya mbele, na utafute ndani yake sentensi moja ambayo msimulizi hakuisema.